Shajara ya mradi: kigemu cha mkononi chenye skrini ya Nokia na mwili wa mninga

4 Mei 2025: kinatengenezwa nini

Kigemu kidogo cha kushika mkononi, rangi mbili tu, msalaba wa mwelekeo kushoto na vitufe viwili kulia, skrini ya Nokia 5110, betri ya simu ya BL-5C. Basi. Hakina intaneti wala sehemu ya memori kadi, ukiwasha gemu imefika na ukizima kimezimwa. Mimi ni fundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya, na naandika hatua kwa hatua ili mwenye pasi ya kuchomelea na mita aweze kutengeneza chake, awe Iringa awe Tukuyu, bila kukaa miezi anasubiri mzigo wa China.

Chanzo ni mteja aliyeleta Miyoo Mini yake haichaji. Hivi vigemu vya Kichina vya mtindo wa zamani siku hizi vimejaa, Anbernic, Miyoo, Powkiddy, na hicho tatizo lake lilikuwa tundu la chaja limelegea tu, kazi ndogo. Nikakichezea kukijaribu. Aisee ni kizuri sikatai, skrini inchi 2.8, pikseli 640 kwa 480, kinapiga magemu ya Game Boy na ya PlayStation ya kwanza bila shida. Sasa mwenyewe alipokuja kukichukua akawasha, akaanza kushusha orodha ya magemu, akashusha, akapandisha, yako maelfu mle, mwisho akazima akatia mfukoni bila kucheza hata moja. Nikasema mi nataka kinyume cha hiki.

Na wengi wetu huku gemu ya kwanza kushika mkononi haikuwa Game Boy, ilikuwa nyoka. Nyoka ilianzia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, kisha 3310 ya mwaka 2000 ndo ikaja kuisambaza kila kona, na skrini ya 3310 ni pikseli 84 kwa 48, sawa kabisa na ya 5110. Skrini za 5110 mpaka leo zinauzwa mpya, zimeshabandikwa kwenye kibodi kidogo chenye pini nane tayari kwa miradi. Kwa hiyo nimerudi kwenye kitu ambacho fundi simu yeyote anakijua kwa macho na vidole.

Mzee aliyebuni Game Boy pale Nintendo, Gunpei Yokoi, ndo alikuwa na falsafa hii hii: chukua teknolojia iliyochakaa, ambayo inajulikana ndani nje na bei imeshaanguka, kisha itumie mahali ambapo hakuna aliyeifikiria. Game & Watch zake za mwaka 1980, vigemu vya mkononi vya gemu moja moja, zilitumia skrini za aina ya kalkuleta. Game Boy ya 1989 nayo haikuwa na rangi wala taa, pikseli 160 kwa 144, betri nne za AA na unacheza zaidi ya masaa 10. Sega wakaja mwaka 1990 na Game Gear, ina rangi, ina taa, inameza betri sita kwa masaa 3 mpaka 5. Aliyeshinda anajulikana, Game Boy na mdogo wake wa rangi ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Ukiwa unaishi sehemu ambayo umeme ukikatika magharibi unaenda kulala bila kujua utarudi lini, hiyo hesabu ya betri huhitaji kuelekezwa.

Hata hiki ninachofanya si kitu kigeni, kuna Wafaransa walitoa kigemu kinaitwa Gamebuino mwaka 2014, skrini hii hii na chipu hii hii ya ATmega328P. Tofauti yangu ni sheria moja: kila kipande lazima kipatikane Mbeya au kije na basi kutoka Kariakoo. Kisichopatikana hivyo hakiingii.

18 Mei: ubongo na skrini

Kwenye droo nilikuwa na Arduino Nano, kibodi kidogo chenye chipu unayoipakia programu, nikaanza nayo kwa sababu ipo na ina tundu la USB. Hiyo njia imekufa, na msiifuate. Nano inaongea kwa volti 5 na skrini ya 5110 inataka 3.3. Mitandaoni utakuta watu wanasema unganisha tu moja kwa moja inastahimili, na kweli mwanzoni iliwaka vizuri, picha ikaja, nikashangilia. Kesho yake mistari ya upande wa kulia ikaanza kupauka, baadaye nusu ya skrini ikawa nyeusi tii na haikurudi tena. Shilingi 15,000 hiyo imekwenda.

Ungeweza kuweka rezista za kilo-omu 10 kwenye kila laini ya data kupunguza makali, inasaidia, ila kuna tatizo la pili ambalo rezista haziligusi. Nano inakimbia megahezi 16, na chipu yake, ATmega328P, kwa kasi hiyo inataka karibu volti 3.8 kwenda juu. Betri ya simu ikiwa nusu tu imeshashuka chini ya hapo. Chipu haitazima, itaanza kufanya mambo ya ajabu ajabu, na hitilafu ya namna hiyo ni mbaya kuliko kufa kabisa, maana utatafuta kosa kwenye programu mpaka macho yaume.

Dawa ni Arduino Pro Mini, chipu ile ile ila ya volti 3.3 megahezi 8. Ipo ya volti 5 pia, zinafanana kama mapacha, soma maandishi madogo kwenye kristali au nyuma ya bodi kabla hujalipa. Nimeipata Kariakoo kwa 14,000, nikaiagizia na skrini nyingine pamoja na bodi ndogo ya chaji, nauli ya mzigo kwenye basi 5,000. Pro Mini haina USB, kwa hiyo utahitaji kile kiadapta cha USB kwenda siriali cha kupakia programu kutoka kwenye kompyuta, 12,000, ununue mara moja utumie maisha. Hakikisha kina pini ya DTR, ile inayoriseti bodi yenyewe, la sivyo kila ukipakia programu unabaki kuvizia kitufe cha riseti, na kile kijampa chake kihamishie 3.3 kabla hujachomeka chochote.

Skrini yenyewe ina ugonjwa wake wa asili. Kioo hakijachomelewa kwenye bodi, kinagusana kupitia ule mpira wenye mistari, kama skrini za simu za zamani tulizokuwa tunafungua tunafuta tunarudisha. Yangu ya pili ilikuja na mistari miwili haionekani. Fungua zile kucha za bati nyuma, toa kioo, futa mpira na njia za shaba kwa alkoholi ya kusafishia bodi (usitumie petroli, inaacha mafuta), rudisha, kisha kunja kucha kwa koleo mpaka zikaze sawasawa pande zote. Imerudi mistari yote. Taa ya nyuma pia zinatofautiana, kuna bodi pini ya taa unaipeleka chanya na kuna bodi unaipeleka hasi, jaribu kwanza kupitia rezista.

1 Juni: msalaba

Hapa ndo roho ya kigemu ilipo na hapa ndo nimetumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Skrini mbaya utaizoea, msalaba mbaya utakitupa kigemu dirishani.

Nilianza na zile swichi ndogo za kubonyeza za bodi, nne kwa mwelekeo na mbili kwa vitendo. Zinafanya kazi. Ila ukicheza nyoka robo saa kidole gumba kinauma, zinapiga kelele tik tik tik mpaka jirani anauliza, na kidole hakitelezi kutoka juu kwenda kulia, inabidi ukinyanyue. Nyoka anakufa wakati wewe unanyanyua kidole.

Yokoi alilitatua hili mwaka 1982 kwenye Game & Watch ya Donkey Kong, kipande kimoja cha msalaba badala ya vitufe vinne, na mpaka leo hakuna aliyelipata jibu zuri zaidi. Nikaenda soko la Sido nikanunua pedi mbili zilizokufa za yale magemu ya kuchomeka kwenye TV, 3,000 zote, nikatoa msalaba, raba za chini yake, na nikakata kile kipande cha bodi chenye viduara vyeusi vya kaboni. Ukikata bodi tumia msumeno wa chuma taratibu, kisha kwangua njia za shaba pembeni ndo uchomelee waya, usichomelee kwenye kaboni yenyewe haikubali risasi ya kuchomelea.

Pima raba kabla ya kufunga. Bonyeza kwa kidole na mita ikiwa kwenye omu: nzuri inasoma chini ya 1,000, iliyochoka inasoma makumi elfu, na hiyo iliyochoka itakuwa inasoma leo kesho haisomi, maana ile rezista ya ndani ya chipu inayoshikilia pini juu nayo iko kati ya 20,000 na 50,000. Kwenye pedi mbili nimepata raba tano za maana, ya sita nimetoa kwenye rimoti.

Sasa balaa. Nimefunga, nimebonyeza juu, nyoka akaenda kushoto. Nikabonyeza kulia akasimama, kwa sababu programu ilikuwa inapokea kulia na kushoto kwa pamoja. Nimekagua waya zote ziko sawa. Kumbe ni nundu. Chini ya msalaba, katikati kabisa, kuna nundu ya plastiki, na ile nundu niliikata ili msalaba uingie kwenye mwili mwembamba. Bila nundu msalaba mzima unazama kama godoro, raba zote nne zinagusa. Ile nundu ndo egemeo, msalaba unatakiwa uyumbe juu yake, upande mmoja ukishuka wa pili unapanda.

Nimeweka gololi. Gololi ndogo ya chuma kutoka kwenye pedeli ya baiskeli, nimeibandika kwa supaglu katikati ya bodi, na chini ya msalaba nimechimba kishimo kidogo kwa ncha ya drili ili ikae. Kipimo muhimu ni huu: msalaba ukiwa umepumzika juu ya raba, kati yake na gololi libaki pengo la unene wa karatasi mbili tatu tu. Pengo likizidi, pande mbili zinagusa pamoja, lisipokuwepo kabisa msalaba unayumba wenyewe hata hujaugusa. Kama gololi ni kubwa ichimbie kwenye bodi. Nimepunguza kwa msasa chini ya raba mpaka ikakaa, na sasa kidole kinazunguka kutoka juu kwenda kulia kwenda chini bila kunyanyuka na nyoka anakata kona anavyotakiwa.

Kwenye programu nimeongeza kusubiri milisekunde 20 baada ya kila mguso kabla ya kuusoma tena, raba huwa zinatetemeka kidogo.

22 Juni: baridi

Hii sikuiona kwenye maelekezo ya mtu yeyote, labda kwa sababu wengi wanaandika wakiwa kwenye joto. Juni imeingia, asubuhi Mbeya unajua mwenyewe. Nikifungua kibanda saa 1 kigemu kinawaka lakini skrini imepauka, picha unaiona ukiinamisha pembeni. Saa 5 jua limeingia ndani, skrini imekolea yenyewe. Mchana wa jua kali imekolea mpaka mandhari yote imekuwa kijivu.

Nikadhani mpira umelegea tena, nikafungua nikafuta, wapi. Kilichofanya nielewe ni kukiweka kwenye koti karibu na mwili kwa dakika kadhaa, kikatoka kimekolea. Kioo cha namna hii kikipoa kinahitaji volti kubwa zaidi ili pikseli iwe nyeusi, na chipu ya skrini, PCD8544, inalijua hilo, ina mpangilio wa kurekebisha volti kufuata joto, ngazi nne. Mifano mingi ya programu inaiacha kwenye ngazi ya chini kabisa, amri 0x04. Nimeipandisha mpaka 0x06 na tofauti ya asubuhi na mchana imepungua sana. Kilichobaki nimekiweka mikononi mwa mchezaji: ukishikilia kitufe B wakati wa kuwasha, msalaba juu na chini unapandisha na kushusha kontrasti, na namba inahifadhiwa kwenye EEPROM, memori ya chipu isiyofutika ukizima.

Ila kuna kitu amri haiwezi. Kwenye baridi kioo kinakuwa kizito, pikseli inachelewa kuwaka na inachelewa kuzima. Nilimpa jamaa yangu wa Makete akakae nacho, akanipigia: "Fundi, nyoka wako huku ana mkia mrefu kuliko mwili." Kitu kinachokimbia kinaacha kivuli. Game Boy ya kwanza nayo ilikuwa na ugonjwa huo huo hata bila baridi, na watengeneza magemu wakaishi nao. Dawa iko kwenye gemu, vitu vidogo visikimbie sana, na kinachokimbia kiwe kinene. Nilikuwa na risasi ya bunduki ya pikseli moja kwenye gemu ya ndege ya majaribio, kwa Makete ilikuwa haionekani kabisa, sasa ni pikseli mbili kwa tatu.

Watu wananiambia niweke skrini ya rangi yenye taa yamalizike. Sitaki. Mwanga wa jua huku juu ni mkali, simu mpya ya mtu ukiwa stendi mchana unaikinga kwa mkono ndo uone kitu, wakati hii jua likizidi ndo inasomeka zaidi. Hata Playdate ya mwaka 2022, kigemu cha bei ya juu cha Marekani, walichagua skrini isiyo na taa kwa makusudi.

6 Julai: betri na chaji

BL-5C ziko kila duka kwa sababu ya vile viredio vidogo. Imeandikwa 1,020 mAh, ninazopima mimi nyingi zinatoa 600 mpaka 750, na kuna moja ilitoa 300. Haijalishi sana, utaona hapo chini. Kishikio cha betri nimetoa kwenye kiredio kilichokufa, zile pini tatu za springi, kwa hiyo betri inatoka na kuingia kama simu ya zamani na hakuna haja ya kuichomelea.

Bodi ya chaji ni TP4056, 2,500, chukua ile yenye ulinzi, ina chipu mbili ndogo za ziada na matundu ya OUT. Inakuja imepangwa kuchaji kwa ampea 1. Kwa BL-5C ni nyingi mno, hasa hizi ambazo uwezo wake halisi ni nusu ya maandishi, yangu ilikuwa inapata moto nikaitoa haraka. Kuna rezista imeandikwa 122 karibu na chipu, hiyo ni 1,200 omu, itoe weka 3,000 omu na chaji inashuka mpaka 400 mA. Ni rezista ndogo ya juu ya bodi lakini kwa fundi simu ni kazi ya kila siku.

Matumizi: mwanzoni ilikuwa inakula karibu 10 mA. Kile kitaa chekundu cha Pro Mini kinachowaka muda wote hakina kazi, kiondoe. Taa ya nyuma ya skrini iwe na kitufe chake, isiwake yenyewe. Baada ya hapo nikiwa nacheza inakula 5 na nusu, ikiwaka taa inafika kama 20. Kwa betri ya 700 hesabu ni masaa zaidi ya 100 bila taa. Usipokigusa dakika mbili kinalala, na hapo mita yangu ya bei rahisi haisomi kitu.

Kuonyesha betri inaisha sijaongeza waya wowote. ATmega ina rejea yake ya ndani ya volti 1.1, unaipima hiyo dhidi ya umeme unaoingia na unapata volti ya umeme wenyewe. Regyuleta, kile kipande cha Pro Mini kinachotuliza umeme, inashikilia 3.3 mpaka betri ichoke ndo inaanza kushuka nayo, kwa hiyo nikiona 3.1 naandika CHAJI kwenye kona, na bado una muda wa kutosha kumaliza gemu.

27 Julai: mwili

Boksi la swichi la plastiki la fundi umeme lilikuwa jaribio la kwanza, 2,000, lina kona kali na ni refu kwenda chini, mkono unachoka. Mbao ya paini ya Mafinga ikafuata. Ni laini, inachongeka kwa kisu, na hapo hapo ndo ubaya wake, skrubu zikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa matundu yanalegea, na kifuniko kilipinda baada ya kukaa karibu na jiko.

Nikaenda kwa seremala mmoja mzee pale Soweto kuomba vipande vya kutupwa.

"Shikamoo mzee. Natafuta mbao ndogo isiyopinda."

"Marahaba. Isiyopinda ya kufanyia nini?"

Nikamwonyesha. Akakigeuza geuza, akabonyeza msalaba kwa kidole cha shahada, akasema, "Hii chukua mninga. Paini utarudi hapa kila mwezi." Akanipa mabaki mawili kwa 2,000 na akanipitishia kwenye randa bure.

Kabla ya kukata mninga nimekata boksi la viatu kwa umbo lile lile na kulishika jioni nzima. Hiyo hatua usiiruke. Vitufe A na B nilikuwa nimeviweka sambamba, kidole gumba kikitoka B kwenda A kinapita juu kwa pembe, hakiendi wima wala mlalo, ndo maana kwenye Game Boy vimelala upande. Nimevilaza. Betri nimeiweka chini kabisa na skrini juu, uzito unakaa viganjani na kigemu hakitaki kudondokea mbele.

Tundu la msalaba liache pengo la nusu milimita tu kuzunguka, nililoacha kwanza lilikuwa pana na msalaba ulikuwa unajizungusha ndani yake. Na kwenye mbao chimba milimita 2 zaidi ya unachofikiri kwa waya za nyuma ya skrini. Vanishi mbili, msasa laini katikati. Kimependeza jamani, hata mama aliyekuja kubadilisha protekta aliuliza bei.

17 Agosti: magemu

Magemu ni matatu na hayataongezeka sana. Nyoka lazima. Matofali, yale ya kuanguka, kwa sababu kila mtu aliyekua miaka ile alishika kile kigemu cha matofali cha betri mbili. La tatu ni langu, linaitwa Kitonga.

Unashuka mlima Kitonga na lori lenye mzigo. Msalaba ni usukani, A ni gia, B ni breki. Upande wa kushoto kuna mstari wa joto la breki, ukishikilia B mstari unapanda, ukifika juu breki hazishiki tena, na hapo kilichobaki ni kona na bonde. Siri ni kushuka kwa gia ndogo toka juu, injini ndo ikushikilie, breki uguse tu. Lori ni pikseli 7 kwa 9, nililichora mara nyingi mpaka likaacha kuonekana friji, kilicholiokoa ni kuacha pikseli moja nyeupe kati ya kichwa na tela.

Mpwa wangu alicheza akafa kona ya kwanza kila mara. "Mjomba, hii breki mbovu." Dereva mmoja wa semi aliyekuja kutengeneza simu alikishika, akauliza, "Fundi, mlima unaanza na gia namba ngapi?" nikamwambia nne. Akashusha mpaka mbili kabla hata hajafika kona, akateremka mpaka chini bila kugusa B. Akakirudisha akasema mvua inyeshe. Kwa hiyo nikaongeza mvua, usukani unachelewa kidogo.

Tatizo lililonila siku nyingi: nikishaweka gemu la tatu, kigemu kikawa kinajiwasha upya katikati ya Matofali, au kinaandika maandishi ya ajabu kwenye alama. Kila gemu peke yake ni zima. Chipu ina kilobaiti 32 za programu na nilikuwa sijafika hata nusu, kwa hiyo nikadhani ni umeme, nikaongeza kapasita, nikabadilisha betri. Kilichojaa ni RAM, memori ya kufanyia kazi. Ipo kilobaiti 2 tu, na picha ya skrini peke yake inakaa baiti 504, yaani robo. Halafu kila neno unaloandika kwenye programu ndani ya alama za nukuu, UMEKUFA, ALAMA, BONYEZA A, linanakiliwa kwenye RAM wakati wa kuwasha, na picha za lori na nyoka nazo hivyo hivyo. Nimeyahamishia yote kwenye sehemu ya programu, maneno kwa F() na picha kwa PROGMEM, RAM iliyobaki huru ikapanda kutoka baiti mia na ushee mpaka zaidi ya 900. Hakijajiwasha tena. Kompyuta ikikuambia wakati wa kupakia kwamba memori inayobaki ni kidogo, usipuuze kama nilivyokuwa naliona lile onyo kila siku nalipita.

Sauti ni kile kisahani cha piezo kutoka saa ya ukutani mbovu, moja kwa moja kwenye pini kupitia rezista ya 100. Iwe na njia ya kuzima, tafadhali, kwa usalama wako mwenyewe nyumbani.

31 Agosti: gharama na kilichobaki

Kilichomo ndani ya kigemu kinachofanya kazi: skrini 15,000, Pro Mini 14,000, bodi ya chaji 2,500, betri 6,000, pedi mbovu 3,000, mninga 2,000, swichi ya kuwashia 500, nauli ya basi 5,000. Jumla 48,000. Kiadapta cha USB 12,000 ni cha karakana, hakihesabiwi kwenye kila kimoja. Vilivyokwenda na maji: skrini ya kwanza 15,000, boksi la plastiki 2,000, mbao ya paini na skrubu zake 4,000. Nano bado nzima, imerudi kwenye droo.

Kwa 48,000 hufikii bei ya kigemu cha Kichina lakini pia hupati rangi, wala hutacheza gemu la mtu mwingine yeyote bila kuliandika. Watu watatu wameshaniomba niwatengenezee, nimewaambia nauza kwa 90,000 kwa sababu msalaba pekee unakula siku nzima, mmoja amekubali, wawili wamesema watarudi.

Bado natafuta njia ya kupunguza hiyo siku ya msalaba. Nataka nijaribu bodi ya kuchora mwenyewe kwa asidi, njia za shaba zikutane kama meno ya kitana chini ya kila raba ili nisitegemee kaboni ya pedi mbovu, ila shaba tupu kwa unyevu wa masika itapata kutu, na kupaka risasi juu yake kunaifanya iwe na vilima raba isiguse vizuri. Kama kuna fundi Iringa au Njombe ameshapaka bati jembamba kwenye bodi nyumbani likatoka bapa, aandike alitumia nini na kwa joto gani. Nikipata jibu au nikifeli mwenyewe naongeza tarehe hapa chini.